Yule Bwana wa Koti Jeusi

Mjomba,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini ulimi wangu haujui kuanza na neno jingine mbele yako. Nakuandikia hapa Doha, kwenye duka letu la fremu, kwenye ile meza ndefu, upande wako, maana upande wangu umejaa vioo. Barua ya namna hii sijui hupelekwa wapi. Mama angeniambia nikusomee Yasini niache upuuzi. Yasini nimekusomea, Mjomba, zaidi ya mara moja, ila Yasini haisimulii habari za mtaa wetu huu wa Fereej Bin Mahmoud, na wewe ulikuwa mtu wa kupenda habari.

Nianze na za nyumbani. Umelala Tanga, karibu na babu, upande ule wenye kivuli. Mama anasema watu walijaa mpaka barabarani, na waliokuwa wakikusema vibaya nao walikuja. Walioshuka kaburini kukupokea ni watatu, na mmoja wao ni Bakari, yule yule Bakari aliyekuvunjia kioo cha duka enzi zile ukaapa hutamsamehe. Kakubeba vizuri, wanasema. Mahali pale palikuwa pangu. Wewe hukupata mtoto wa kiume, na mpwa wako ni mimi peke yangu, na mimi siku hiyo nilikuwa hapa nakata kadibodi.

Nilichokipata ni kukuosha. Tulikuosha huku huku, kwenye makaburi ya Abu Hamour, mimi na wazee wawili wa msikitini, na nilikuwa nikikwambia bismillahi geuka upande huu, bismillahi geuka upande huu, kana kwamba ungejigeuza mwenyewe. Nilikuchana ndevu zako za hina taratibu. Nywele zilizodondoka tulizikusanya tukazitia ndani ya sanda, maana mtu huzikwa mzima, hatupunguzi kitu. Sheikh alishauri tukuzike pale pale kabla ya jua kuzama, na kisheria alikuwa na haki. Nikampigia Mama. Akasema, "Nileteeni kaka yangu," akakata simu.

Kafili, yule bwana mwenye duka na mwenye sisi, alisaini karatasi zako za kusafirishwa asubuhi moja. Simsingizii, hakukuchelewesha. Basi nami nikamwomba khuruji, ile ruhusa ya kutoka ambayo bila saini ya mwajiri askari wa uwanja wa ndege hakupitishi hata ukiwa na tiketi mkononi na msiba kichwani. Akaniambia ndege inaijua Dar es Salaam bila mimi. Kazi ya hoteli haijaisha, akasema, maliza kazi, utakwenda arobaini, inshallah. Nikashika hiyo arobaini. Nikamwambia Mama, na Mama akawaambia watu kwamba hitima itasomwa mimi nikiwepo.

Unakumbuka tulivyokuwa tukitaniana chumbani Al Thumama, kila ndege ikipita juu ya bati la jirani, kwamba hiyo ni yangu, hapana hiyo ni yangu, wewe subiri ya kesho? Umenishinda, Mjomba. Ndege bado zinapita, na kitandani kwako amelala kijana wa Kampala, mpole, anakoroma kwa adabu. Siku hizi zikipita sisemi kitu.

Sasa nije kwenye zile picha, kwa maana ndizo zilizoniweka hapa.

Siku Wekesa, dereva wetu Mkenya, alipozishusha kwenye gari ulifikiri ni za harusi. Usikatae, nilikuwepo. Uliona wanawake wamevaa magauni ya kupepea, mmoja karusha mguu juu mpaka kofia ya mtu inataka kuanguka, mwingine kafungua kinywa anaimba na shingo imemtoka mishipa, taa zote ziko chini sakafuni zinawamulika kidevuni, ukasema hawa umeme umewakatikia katikati ya ngoma. Wanaume wa makoti meusi waliosimama pembeni ukawaita upande wa bwana harusi. Ukawapa wanawake majina. Wa mguu juu ukamwita Bi Zuhura. Nami nikakuunga mkono, sikuwa na elimu ya kukupinga.

Ndipo akaja yule Mlebanoni, mpambaji wa hoteli, akatuelewesha. Kwamba ni picha za Paris, za zaidi ya miaka mia iliyopita, nyingine zilichapwa kwa wingi kubandikwa ukutani ili watu wajue usiku ule nani anacheza wapi. Kwamba taa ziko chini kwa sababu hapo ni jukwaani. Kwamba wale wanawake walikuwa kazini, na wale mabwana wa makoti meusi walikuwa matajiri wenye ruhusa ya kuingia mpaka nyuma ya pazia, wakasimama wakachagua wa kuzungumza naye, na mchezaji hakuweza kumfukuza bwana wa namna hiyo kwa sababu mkate wake ulipitia mkononi mwa bwana huyo. Wewe ulikuwa unanoa kisu. Ukanoa, ukanoa, mpaka yule mtu akaondoka. Ukasema, "Kumbe na hawa wana kafili."

Hoteli walitaka mapaja na vifua visionekane, mkahawa utaingia familia. Fundi mwingine angezikata picha zenyewe, tunawajua. Wewe ukakataa. Ulisema kilichofunikwa kitafunuliwa, kilichokatwa basi tena. Ukachukua kadibodi nyeupe, ile tunayoiweka kati ya picha na kioo, ukalikata dirisha lake palepale unapopataka, picha yote ikabaki salama nyuma na mbele ukaonekana uso tu na mikono. Kazi safi. Lakini nilipoanza kuzipanga ukutani nikaona jambo. Wale mabwana hawakuwepo. Hata mmoja. Bi Zuhura karusha mguu usioonekana mbele ya mtu asiyeonekana. Nikakwambia, Mjomba, madirisha yamekwenda kombo. Ukanijibu bila kuinua kichwa.

"Hayajaenda kombo. Nimewapa likizo."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tulikuwa na siri yetu wawili katika mji ambao hata godoro si lako, na kwa siku zile chache nilikwenda kazini kwa furaha, nakwambia kweli.

Ya mwisho kwako kuifunga ilikuwa ya Subira. Yule aliyekaa kwenye benchi nyuma ya jukwaa, kavua kiatu kimoja, kashika kidole gumba cha mguu anakikanda. Ulimpa jina hilo siku ya kwanza na ukawa humtanii kama wengine. Dirisha lake ulilikata dogo, yeye na benchi lake na ukuta mtupu. Ukafanya kama ulivyofanya kila mara: zima feni, zima kiyoyozi, funga mlango, tuchemke wote wawili kwenye joto la Doha huku tumebana pumzi, kwa sababu kwako vumbi chini ya kioo lilikuwa mgeni asiyejua kuaga. Nilikuona ukijifuta jasho kwa mkono unaotetemeka. Nikadhani ni joto. Ukapiga tepu nyuma, ukasema umechoka, ukaenda kujinyoosha. Asubuhi ya Ijumaa hukuamka.

Mjomba, sikujua kuwa unaumwa. Ulipaswa kuniambia.

Baada ya kukusafirisha nilimaliza zilizobaki kwa mtindo wako, mabwana wote nje, tukazipakia na Wekesa tukazipeleka hotelini. Nilikuwa nimeshafunga begi. Yule Mlebanoni akatembea ukutani na kitabu chake cha picha mkononi, anatazama kitabu, anatazama ukuta. Hakupiga kelele. Aliuliza mwanamume yuko wapi. Nikajifanya sielewi. Akanionyesha kitabuni kwa kidole: huyu, na huyu, na huyu. Akasema miguu funikeni, hiyo tulikubaliana, lakini bila yule bwana hawa ni wanawake waliochoka tu, ukimwona ndipo unajua kilichowachosha. Na kwa haki ya Mungu alisema kweli. Zikarudi zote dukani, na kadibodi ya rangi ile ilikuwa imekwisha, mpaka iagizwe.

Arobaini ikapita nikiisubiri kadibodi.

Nilikukasirikia. Naandika hivyo hivyo ilivyo. Nilikaa hapa nikasema mchuma janga hula na wa kwao, na Mjomba wangu kachuma la kwake akaenda zake kulala kivulini, kaniachia mimi nile. Kwa likizo yako uliyowapa wanawake wa karatasi mimi nimenyimwa yangu. Mama alinipigia wakati wa hitima, akaiweka simu juu ya mkeka katikati ya watu, nami nikaiweka yangu hapa mezani kati ya rula na gundi. Nikasikia msahafu unasomwa, nikaitikia amina peke yangu na vioo. Halafu nikasikia sahani, na sauti ya Bakari akiuliza kama pilau imebaki. Mama alikuwa analia, anasema kiti changu waliniwekea.

Kadibodi ilipofika nikamwendea kafili, nikamkumbusha. Akafungua mikono. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Ameshazikwa, arobaini imepita, unakwenda kufanya nini?" Halafu akaniambia lililonivunja kuliko yote, kwamba sasa fundi ni mimi peke yangu, mwingine hana, na kazi yangu inasifiwa. Unaona ulivyonifanya? Ulinifundisha vizuri mno. Ungeniacha na mikono mibovu ningekuwa nyumbani. Nikamuuliza basi lini. Inshallah, akasema, kwa ile sauti ambayo hapa tunaijua sote.

Wekesa alinihurumia kwa namna yake. Tulikuwa tumekaa kwenye gari, kiyoyozi kinatetemeka. Akaniambia, "Buda, haribu kazi moja tu. Moja. Hawa wasee watakurudisha kwenu wenyewe." Anamjua Mganda mmoja wa hoteli aliyevunja vyombo mpaka akapewa tiketi. Nikalifikiria. Nikasema kuvunja siwezi, lakini vumbi naweza. Nikachukua unga wa mbao pale tunapopiga msasa, ncha ya kidole tu, nikanyunyiza juu ya picha ya Bi Zuhura, nikaweka kioo, nikageuza nipige tepu. Mkono ukakataa. Nilikaa na ile tepu inaninata kidoleni muda mrefu. Halafu nikazima feni, nikafungua, nikamsafisha upya kwa brashi yako. Sijui hata wewe ungefurahi au ungeniita mjinga.

Basi nikawarudisha. Dirisha baada ya dirisha, nabandua tepu yako, nakata kadibodi mpya, na kila mara yule bwana yuko pale nyuma, kofia ndefu, mikono mfukoni, hana haraka. Alikuwa akitusubiri. Uliyemficha hakuondoka, Mjomba. Hilo sikuwa nimelifikiria tulipokuwa tunacheka.

Subira nikamwacha wa mwisho. Nilipoinua kioo chake nikauona.

Unywele, Mjomba. Mmoja. Wa ndevu, umejikunja, nusu mweupe na nusu una hina. Umelala kwenye pembe ya picha, juu ya ukuta ule mtupu, karibu na bega lake. Wewe, uliyenizimia feni nikiwa na homa. Wewe uliyerudisha fremu ya balozi kwa ajili ya chembe ambayo balozi mwenyewe hakuiona. Ndipo nikajua macho yako yalikuwa yameshaanza kukuacha siku ile, na mkono nao, na ulinyamaza ili nisikuzuie kufanya kazi. Nililia kwa sauti, dukani, mchana kweupe, na mteja mmoja alifungua mlango akaufunga tena.

Niliuchukua kwa ncha ya kisu nikauweka ndani ya ile karatasi laini tunayofunikia picha za thamani. Nikaukunja. Hapo nilipokuwa sina cha kufanya na mikono yangu nikamtazama Subira, mara ya kwanza kwa makini, mzima, bila kadibodi yoyote. Hakuwa anatazama ukuta, tulivyodhani. Pembeni, pale ulipomfunika yule bwana, kuna mlango. Uko wazi kidogo, na nje yake pana rangi ya manjano, sijui jua sijui taa ya barabarani. Yeye anautazama huo. Na yule bwana wa koti jeusi amesimama hapo hapo, bega lake limeegemea fremu ya mlango. Ulipomficha yeye uliuficha na mlango, Mjomba. Hapakuwa na njia ya kuonyesha mmoja bila mwingine.

Nimelikata dirisha lake upya. Bwana yumo, na mlango umo. Nisamehe, lakini nadhani sasa ni haki zaidi.

Nilipomaliza sikungoja gari. Nilikwenda ofisini kwa kafili kwa miguu, kwenye jua lile, na nilipofika shati lilikuwa limeganda mwilini. Nikamwekea ile karatasi juu ya meza nikaifungua. Kwa Kiarabu changu cha dukani nikamwambia, "Uliniuliza nakwenda kufanya nini. Mjomba hajamaliza kuzikwa."

Akautazama ule unywele. Akasema Mungu amrehemu, na alisema kwa moyo, niliona. Alikuwa anakupenda kwa kadiri yake. Nikafikiri mlango umefunguka. Kisha akanirudishia karatasi kwa mikono miwili, kwa heshima, akasema hapa pia ni ardhi ya Mungu. Nenda Abu Hamour, uzike, jioni urudi kazini, kuna fremu za shule.

Kisheria alikuwa na haki, kama yule sheikh. Wekesa alinipeleka, akaegesha nje ya makaburi, akazima redio bila kuambiwa, naye ni Mkristo. Niliteremka nikafika getini. Mchanga tu, Mjomba, na mawe madogo yasiyo na majina, na watu wengi wa nchi nyingi ambao pengine nao walikuwa na dada kwenye simu. Nilisimama pale na wewe mfukoni. Ningeinama tu, ningefukua kwa kidole, ingekuwa imekwisha, na mimi nisingekuwa tena na sababu ya kwenda kwa mtu yeyote kuomba kitu chochote. Nikageuka nikarudi garini. Wekesa akaniuliza kama nimemaliza. Nikamwambia twende.

Jioni kafili alipita dukani. Akauliza kama nimezika.

Nikamwambia, "Inshallah."

Akanitazama. Nadhani alielewa, kwa sababu hakuuliza tena, na hakukasirika. Alisimama kidogo mlangoni, bega limeegemea fremu, halafu akaenda zake.

Habari zangu ndizo hizo. Picha zimeshapelekwa, ziko ukutani, watu wanakula mbele yake. Sijaitwa kuziona na sidhani nitaitwa. Brashi yako naisafisha kila Alhamisi. Kijana wa Kampala nimemwonyesha Yasini ilipo kwenye simu yangu ili anisaidie kuifungua mikono yangu ikiwa na gundi, ingawa hajui kuisoma na wala si dini yake.

Lala salama, Mjomba wangu. Nakuahidi hivi. Kila asubuhi nitakwenda kusimama mbele ya mtu yule, sitamficha wala sitazunguka, kwa sababu mlango uko pale alipo. Nitamwomba leo, nitamwomba kesho, mpaka atachoka yeye au nitachoka mimi, na mimi nimefundishwa na wewe kubana pumzi. Karatasi yako iko mfukoni mwangu wa kushoto. Umetangulia kutoka, lakini hujamaliza, na siku askari wa uwanjani atakaponigongea muhuri hatajua kuwa tunapita wawili.

Ni mimi mpwa wako,
bado niko mezani kwako.